Rubani wa kesho kutoka Mabanga: muulize mama kabla daktari hajakuuliza

GOMA – Katika kata za Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, komine ya Karisimbi, watoto wamekua wakisikia ndege juu ya mabati. Kabla vita vya Januari 2025 havijasimamisha safari katika uwanja wa Goma, zilipita kila siku: kubwa za mizigo, nyeupe za Umoja wa Mataifa, na zile ndogo za kwenda Beni na Butembo. Si ajabu kumsikia kijana wa hapa akisema anataka kuwa rubani.

Wengi wanafikiri mlango wa kwanza wa kazi hiyo ni hesabu, Kiingereza na pesa za masomo. Hayo yote yanahitajika. Lakini kabla ya kuruka peke yake, mwanafunzi anapita katika chumba cha daktari aliyeidhinishwa na serikali kupima marubani. Na kabla ya kupimwa macho au moyo, anapewa karatasi ya maswali. Umewahi kuzimia? Umewahi kupata degedege? Umewahi kulazwa hospitalini? Umewahi kutumia dawa za akili? Kila swali linajibiwa kwa ndiyo au hapana.

Hapo ndipo kijana mwenye afya nzuri anaanza kuwa na wasiwasi. Anakumbuka alizimia mara moja kanisani, siku ya kufunga. Anajiambia: nikiandika ndiyo, ndoto imekwisha. Anaweka alama kwenye hapana. Alama hiyo moja inaweza kumgharimu kuliko kule kuzimia kwenyewe.

Sheria inasema nini

Kongo ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, OACI, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944. Leseni za marubani hapa nchini zinatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kiraia, AAC, chini ya sheria ya tarehe 31 Desemba 2010. Kanuni za OACI zinataka kila anayeomba shahada ya afya asaini maelezo juu ya magonjwa yake mwenyewe, ya jamaa yake na ya kurithi. Aseme pia kama amewahi kupimwa mahali pengine, na matokeo yalikuwa nini.

Kanuni hizo zinasema maelezo yawe kamili na ya kweli kwa kadiri anayeyatoa anavyojua. Zinasema pia kwamba daktari akigundua maelezo ya uongo, anapaswa kuijulisha mamlaka ya leseni. Katika nchi nyingine adhabu ni kali zaidi. Marekani, fomu yenyewe inaonya kwamba kudanganya kwa makusudi kunaweza kuleta faini ya hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 5.

Kwa rubani wa ndege za abiria, shahada hiyo ya daraja la kwanza kwa kawaida inadumu miezi 12, na kwa baadhi ya marubani wenye umri mkubwa inapungua hadi miezi 6. Maana yake ni kwamba maswali yale yatarudi mwaka baada ya mwaka. Aliyesema uongo akiwa na miaka 20 itabidi aurudie akiwa na 30 na 40, na kila mara auombee usijulikane.

Magonjwa yetu mbele ya daktari wa ndege

Mengi ambayo vijana wanayaogopa hayafungi mlango. Tuanze na malaria. Karibu kila mtu aliyekulia Goma amewahi kuumwa palu na kuwekewa serumu. Malaria iliyopona haimzuii mtu kuwa rubani. Daktari anataka kujua kama uliwahi kupoteza fahamu, na ulitumia dawa gani. Kuna dawa ya malaria iitwayo mefloquine, iliyouzwa kwa jina la Lariam, ambayo marubani hawaruhusiwi kuitumia kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili.

Degedege ndiyo inayotisha zaidi, kwa sababu inafanana na kifafa. Lakini madaktari wanatofautisha. Mtoto mdogo aliyekakamaa kwa sababu ya homa kali, na haikujirudia tena baada ya miaka 5, kwa kawaida anaweza kukubaliwa. Kama ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, au ilijirudia ukubwani, uchunguzi unakuwa mrefu, pengine pamoja na kipimo cha ubongo. Kifafa chenyewe ni jambo jingine, na mara nyingi kinazuia.

Kuzimia nako kuna aina mbili. Kuna kuzimia kwenye sababu inayoeleweka: njaa, jua, kuona damu, kusimama muda mrefu kwenye foleni ya maji. Goma tuna sababu nyingine ambayo daktari wa ng'ambo huenda hajawahi kuisikia: mazuku, ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, ambayo imeua watu na mifugo katika eneo letu. Mtu aliyeangushwa na mazuku na kuokolewa aeleze hivyo, na aeleze mahali ilipotokea. Kinachomtia daktari wasiwasi ni kuzimia kusiko na sababu, au kunakojirudia. Hapo atapima moyo na kichwa kabla ya kusaini.

Kuna pia suala la damu. Mtu wa SS, yaani mgonjwa wa selimundu, hawezi kupewa shahada ya rubani wa abiria kwa kawaida, kwa sababu hewa yenye oksijeni kidogo inaweza kumletea maumivu makali na hatari. Lakini mtu wa AS, anayebeba alama hiyo bila kuumwa, hakataliwi kwa sababu hiyo peke yake. Kifua kikuu kilichotibiwa hadi mwisho, na mapafu yakapona, hakizuii pia. Wala miwani: kinachotakiwa ni kila jicho lifikie 6/9, na miwani inakubaliwa.

Karatasi zilizobaki njiani

Hapa ndipo kijana wa Mabanga anatofautiana na mwenzake wa Brussels au Johannesburg. Kule, daktari anafungua kompyuta na kuona kila sindano. Kwetu, historia ya ugonjwa iko katika karne ya kliniki, na karne hizo zimepitia mengi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji na kufunika kipande cha njia ya ndege. Volkano ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku 5 baadaye kata 10 zikaamriwa kuhama, Mabanga zote mbili zikiwemo. Watu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda na walichoweza kubeba. Januari 2025 wengi walikimbia tena. Katika safari kama hizo mzazi anabeba mtoto na sufuria kwanza, karne inabaki.

Kijana akiulizwa vyeti vya hospitali na hana, anaogopa ataonekana mwongo. Asiogope. Kanuni inadai ukweli kwa kadiri unavyojua. Kusema «mama aliniambia nilipata degedege nikiwa na miaka 2, karatasi zilipotea tulipohama» ni jibu halali. Kuandika hapana huku unajua ni ndiyo, huo ndio uongo.

Yaliyo moyoni

Swali gumu zaidi kwa mji wetu ni lile la akili. Vijana wengi wa Goma wamesikia mabomu, wamepoteza ndugu, wamekosa usingizi kwa miezi. Baadhi walikwenda kwa mshauri wa kisaikolojia, na ni vizuri walikwenda. Je, waliandike?

Dunia nzima inahangaika na swali hili. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2022 uliwahoji marubani 3,765, na zaidi ya nusu, asilimia 56, walikiri kuwahi kukwepa matibabu kwa kuogopa kupoteza shahada yao. Woga huo una sababu, maana kuchunguzwa kunaweza kumweka rubani chini kwa miezi bila mshahara.

Lakini kumbuka ndege ya Germanwings, iliyoanguka katika milima ya Alps ya Ufaransa tarehe 24 Machi 2015 na kuua watu wote 150. Rubani msaidizi aliiangusha makusudi. Alikuwa amepata msongo mkubwa wa akili miaka ya nyuma, wakati wa mafunzo. Mamlaka iliujua, alitibiwa, akarudi kuruka akiwa na alama maalumu katika shahada yake. Ugonjwa uliporudi mwishoni mwa 2014, aliwaona madaktari wengi lakini hakuwaambia waajiri wake. Ugonjwa uliosemwa haukumfungia kazi. Ule uliofichwa ulileta msiba.

Sisi tunaoishi karibu na njia ya ndege tunajua maana ya ndege kuanguka. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya Hewa Bora iliangukia Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ya Busy Bee iliangukia nyumba za Mapendo ikianza safari ya Beni, na watu zaidi ya 20 walikufa. Hatusemi ajali hizo zilitokana na ugonjwa wa rubani. Tunakumbusha tu kwamba anayeumia si aliyepanda peke yake. Ni pia mama aliye jikoni chini ya mabati.

Kabla ya kwenda kwa daktari

Kaa na mama, bibi au shangazi aliyekulea. Uliza kila kitu: niliwahi kukakamaa? Nililazwa wapi? Niliongezewa damu? Andika majibu katika daftari, pamoja na mwaka, hata wa kukadiria. Kisha nenda kwenye kituo cha afya au hospitali uliyotajiwa uulize kama rejesta bado ipo. Kama ipo, omba cheti chenye saini na muhuri.

Pima kundi la damu na hali ya AS au SS kabla ya kulipa ada ya shule. Afadhali kujua ungali Goma kuliko kujua ukiwa Soroti, Nairobi au Addis Ababa, pesa za familia zikiwa zimekwisha kulipwa. Tunza nakala ya fomu yoyote uliyojaza, maana kila nchi itakuuliza upya, na majibu yako lazima yafanane.

Mwisho, ukijibu ndiyo, usiache neno hilo peke yake. Eleza lini, kwa nini, ulitibiwa na nini, na tangu hapo hali ikoje. Daktari akisoma «nilizimia 2016, nilikuwa nimefunga siku mbili, haijarudi», ana mahali pa kuanzia. Na kama mama hakumbuki tarehe, mwambie daktari hivyohivyo.