MAHALI PA KUTAZAMIA JUA LIKICHWA HAPA DUMILA

Wasafiri wa Dodoma huijua Dumila kwa njia panda yake ya Kilosa, wala hawangoji magharibi. Sisi wenyeji twaweza kungoja, ila yapasa kujua pa kusimama.

Jua halichwi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni huchwea upande wa Gairo. Machi na Septemba, magharibi kabisa. Desemba husogea kusini. Milima ya Ukaguru, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,000, hutuficha jua dakika kadhaa kabla halijachwa kweli.

Daraja la Mkundi, ambapo mafuriko ya Januari 2014 yalikata barabara, lina uwazi mzuri. Hata hivyo siwashauri wanafunzi kusimama pale. Mwezi wa Juni dereva aendaye Gairo huelekea jua lenyewe, na akipigwa na mwanga machoni hamwoni mtu wa miguu. Afadhali shambani, mahindi yakisha kuvunwa. Wala msilikodolee jua macho, laumiza.

Likisha kupotea, msiondoke. Geukeni kaskazini: sisi tumo kivulini, lakini milima ya Nguru ingali myekundu. Hayo ndiyo niyapendayo zaidi. Jioni mwanga hupita katika hewa nyingi. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu ikafika. Moshi wa mashamba yachomwayo wakati wa kiangazi huikoleza.

Haipiti nusu saa giza huingia, basi atokaye mbali aje na tochi.