Aibu Haipunguzi Uzito

Mkoani Katavi habari za lishe tumezoea kuzisikia zikihusu watoto waliodumaa au waliokonda. Tatizo hilo bado lipo. Lakini katika familia zetu wamo pia vijana wenye uzito uliozidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Tangu hapo kiwango hicho kimeongezeka. Hesabu hiyo inawagusa pia mabinti wetu wa sekondari.

Mwezi huu hatutazungumzia chakula peke yake. Tutazungumzia aibu.

Kujinyanyapaa ni nini?

Neno unyanyapaa tulilijua wakati wa UKIMWI. Lipo pia kwa wanene. Binti wa miaka 14 anaitwa "bonge" shuleni na "pipa" njiani, na nyumbani shangazi anamwambia apunguze kula asije akakosa mchumba. Mwanzoni maneno hayo huwa ya watu. Baadaye yanakuwa yake mwenyewe: "Mimi ni mlafi. Mimi ni mvivu. Sifai." Huko ndiko kujinyanyapaa.

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi hao hao humsifu mtu mzima aliyenenepa kuwa maisha yamemkubali. Na kijana akianza kupungua, majirani huanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa. Mtoto anabaki hajui afanye nini ili apendeze.

Kwa nini aibu inadhuru?

Wazazi wengi hudhani kumsema mtoto kutamzindua. Sivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto kwa miaka kadhaa, ulionyesha kuwa waliotaniwa zaidi kuhusu uzito ndio walioongezeka zaidi. Mwingine wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wa mwaka 2013, uliwahusu vijana zaidi ya 2,000 na wazazi wao. Vijana ambao wazazi wao walizungumzia uzito wao walielekea zaidi kujinyima chakula au kula kupita kiasi. Wenye uzito uliozidi ambao mama zao walizungumzia chakula bora tu, bila kutaja uzito, walikuwa na matatizo hayo kwa kiasi kidogo.

Sababu zake si ngumu kuelewa. Mwenye aibu haendi uwanjani, maana atachekwa akikimbia. Hula kwa kujificha. Hushinda na njaa mchana, usiku akala mara mbili. Hukwepa zahanati asipimwe mbele za watu. Basi dawa tuliyodhani tunampa inageuka kuwa sumu.

Tukumbuke pia kwamba unene hauletwi na ulafi peke yake. Kurithi, usingizi mdogo, msongo wa mawazo, baadhi ya dawa, na vyakula vya mafuta na sukari vinavyouzwa kila kona, vyote vina sehemu yake.

Wazazi wafanye nini?

1. Msikadirie kwa macho. Kijana hupimwa uzito na urefu, kisha hulinganishwa na umri na jinsia yake. Mwombeni mhudumu wa afya ampime faraghani. Kwa kuwa bado anakua, mara nyingi lengo si kupunguza kilo, bali uzito usiongezeke haraka huku urefu ukiendelea.

2. Badilisheni nyumba, si mtoto mmoja. Msimpikie chungu chake wala kumpunguzia ugali peke yake mbele ya wadogo zake. Familia nzima ipunguze soda, maandazi na chipsi. Familia nzima iongeze mboga za majani, maharage, matunda, na migebuka au dagaa wa Ziwa Tanganyika wasiokaangwa kwa mafuta mengi.

3. Mpeni kazi ya mwili anayoipenda: mpira, ngoma, baiskeli, kutembea na rafiki. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 60 kwa siku. Isiwe adhabu.

4. Futeni majina ya utani nyumbani, hata yale ya mapenzi. Ndugu au jirani akimtania mtoto, mzazi aseme palepale: "Hapa hatuitani hivyo."

5. Msikilizeni. Akisema "mimi ni mvivu", mwulizeni nani alimwambia. Mfundisheni kutofautisha: kuwa na uzito uliozidi ni hali ya mwili, si tabia mbaya wala si dhambi. Msifuni kwa anachofanya, si kwa kilo alizopungua.

6. Kataeni chai na vidonge vya kupunguza unene vinavyouzwa mitaani.

Dalili za hatari

Mtoto akijitapisha, akinywa dawa za kuharisha, akizimia, akikosa hedhi kwa miezi, akijitenga, au akisema afadhali afe, msingoje. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, wala msimwache peke yake.

Wazazi wapendwa, kwenye jumuiya, kwenye kwaya na kwenye mafundisho ya Kipaimara wamo vijana wanaokaa nyuma ili wasionekane. Waiteni kwa majina waliyobatizwa nayo. Hiyo ni hatua ya kwanza ya tiba, na haina gharama.