X270 au X280: pesa yako ianzie wapi?

Muuzaji wa laptopu za ex-UK pale Migori mjini atakuwekea mbili mezani, Lenovo ThinkPad X270 na X280. Zote ni ndogo, kioo inchi 12.5, na X280, iliyotoka 2018, imezidi bei kwa elfu kadhaa. Wengi hutazama pengo hilo na kuamua papo hapo. Mimi ningeomba bisibisi kwanza.

Ndani ya X270 kuna nafasi moja ya RAM: fundi anatoa kijiti cha 4GB, anatia cha 8 au hata 16. X280 RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukiinunua na 8GB, mtazeeka pamoja na 8GB.

Ila X280 yenye prosesa ya kizazi cha nane, kama i5-8250U, inakubaliwa na Windows 11. X270 haikubaliwi, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Mwanafunzi wa Rongo anayeandika ripoti na kusoma PDF ataweka Ubuntu, nayo ni ya bure. Anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows hana budi kuongeza pesa.

Yangu ni X270, na ilikuja na diski ya kuzunguka. Siku moja niliifunika bila kuizima, nikapanda nayo boda kwenye murram. Jioni ikaanza kugonga, tak, tak, tak, na picha za mwaka mzima zikaenda. SSD ya 256GB nililipa 3,500, fundi 500. Haina kinachozunguka ndani, kwa hivyo pesa ile ile iliyonipa kasi ndiyo iliyonipa kinga. RAM ya 8GB niliongeza baadaye kwa 3,000, na faida yake niliiona tu nilipofungua kurasa kumi za intaneti kwa pamoja.

Homa Bay adui ni stima. Soma maandishi madogo kwenye chaja: 100–240V. Stima hafifu haiisumbui. Kinachoiua ni stima inayorudi kwa kishindo, kwa hivyo chomeka kupitia TV guard. X270 ina betri mbili, na ile ya nyuma unaibadilisha huku mashine ikiwaka. X280 ina moja tu, tena ya ndani. Usiku karibu na ziwa, wadudu hufuata mwanga wa kioo na kuingia kwenye feni. Brashi laini ya rangi inatosha. Zile kava za plastiki ni mapambo.

Kwa mfuko wa kawaida, chukua X270 na SSD. Ukitaka X280, iwe ya 16GB, na uiwashe uhakikishe RAM hiyo mwenyewe kabla ya kutuma M-Pesa.