Metformini, Septrin na umri mrefu

Siku hizi hata wasio na kisukari wanaulizia metformini. Wamesikia kwamba kidonge hiki, kilichozoeleka katika kliniki za sukari kutoka Mtwapa hadi Malindi, huchelewesha uzee. Ni cha zamani, ni rahisi, madhara yake yanajulikana. Kwa nini daktari asiwaandikie?

Uvumi huo una chanzo. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichambua kumbukumbu za matibabu wakakuta kwamba wenye kisukari walioanzishiwa metformini waliishi muda mrefu kidogo kuliko watu wasio na kisukari kabisa. Matokeo ya ajabu namna hii mimi huyashuku kwanza. Anayetumia metformini peke yake, mara nyingi ugonjwa wake ndio umeanza. Anahudhuria kliniki, anapimwa presha, anashauriwa chakula. Sukari ikimshinda hubadilishiwa dawa, na katika hesabu ile aliyebadilishiwa hakufuatwa tena. Watafiti wa Denmark walipoirudia kazi hiyo mwaka 2022, faida haikuonekana.

Njia ya kukata shauri ni jaribio la kura, na mfano mzuri tunao hapa pwani. Mtoto aliyelazwa kwa utapiamlo mkali akaruhusiwa kwenda nyumbani bado yumo hatarini. Wengi hufa miezi inayofuata kwa maambukizi. Septrin, antibiotiki ya kawaida, ilikuwa tayari inawakinga na maambukizi watoto wenye virusi vya ukimwi. Je, ingewaokoa na hawa wasio na virusi wakipewa kila siku? Karibu kila mtaalamu angesema inaelekea. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wa Kilifi, wakiongozwa na Jay Berkley, hawakuridhika na kuelekea. Waliandikisha watoto 1,778 katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi. Kura ndiyo iliyoamua nani apewe dawa kwa miezi sita na nani apewe kidonge kitupu kinachofanana nayo, na si mzazi wala muuguzi aliyejua kipi ni kipi. Watoto walifuatwa mwaka mzima. Majibu yalitoka 2016: waliopewa Septrin walikufa 122 kati ya 887, wa kidonge kitupu, 135 kati ya 891. Tofauti hiyo bahati tu inatosha kuileta.

Bila kura, hospitali zingeweza kuigawa Septrin miaka na miaka, na kila mtoto aliyepona angehesabiwa ushahidi.

Kwa uzee kazi ni ngumu zaidi, maana kwa watoto wale ilitosha kumfuata kila mmoja mwaka mmoja tu, kwa sababu ya kusikitisha kwamba vifo vilikuwa vingi. Ukitaka kujua kama mtu wa miaka 50 ataongezewa umri, huenda mtafiti mwenyewe akatangulia kuzikwa. Ndiyo maana Nir Barzilai wa New York alipendekeza jaribio la metformini kwa watu kama 3,000 wa miaka 65 hadi 79, kwa miaka sita, likihesabu pamoja na vifo maradhi yanayokuja na uzee: moyo, kiharusi, saratani, kusahau. Limekwama kwenye fedha kwa miaka mingi. Hataza ya metformini imekwisha zamani, na kampuni gani itagharamia dawa ambayo yeyote anaweza kuitengeneza?

Rapamaisini, inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, iliongeza umri wa panya wa maabara mwaka 2009, hata walipoanzishiwa wakiwa wazee. Lakini inapunguza kinga, na mimi singeijaribu kwa mzee mzima wa afya mahali penye kifua kikuu. Aspirini ilipimwa kwa wazee 19,114 wa Australia na Marekani; mwaka 2018 ikaonekana haikuwaongezea miaka ya afya, ila iliwazidishia kuvuja damu.

Dawa za presha ndizo zenye ushahidi, ingawa hakuna anayeziita dawa za uzee. Katika jaribio la HYVET, watu wa miaka 80 na zaidi wenye presha ya juu walipewa indapamidi, na ikibidi perindoprili, au vidonge vitupu. Vifo vya waliopata dawa vilipungua kwa asilimia 21, na matokeo yakachapishwa 2008. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwaachia wengine vidonge vitupu.