Leseni za Kompyuta Nazo Zataka Daftari

Kila askari aliyepata kushika zamu katika ghala ya silaha aijua kazi ya daftari. Bunduki haitoki mpaka iandikwe namba yake, jina la aliyeichukua na saa aliyoichukua, wala hairudi mahali pake mpaka iandikwe tena. Jioni, mtunza ghala afungapo hesabu, ajua zilizotoka ni ngapi, zilizomo ni ngapi, na ile isiyorudi iko mikononi mwa nani. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi maofisini mna mali nyingine isiyoshikika kwa mkono wala kuonekana kwa macho, nayo hugharimu fedha nyingi. Mali hiyo ni leseni za programu za kompyuta. Wako wanaodhani kwamba ofisi ikisha kununua kompyuta imenunua na kila kitakachofanywa nayo. Sivyo hivyo. Kwa programu nyingi za hesabu, za ramani na za michoro ya majengo, kinachouzwa ni ruhusa ya kuzitumia, na ruhusa hiyo ina idadi yake na mara nyingi ina muda wake. Zikinunuliwa chache, kazi husimama. Zikinunuliwa kupita haja, fedha ambazo zingalinunua dawa za zahanati au madawati ya shule hulala bure. Makala haya yaeleza jinsi daftari la matumizi linavyoweza kuiepusha ofisi na hasara zote mbili.

BUTI NA DARUBINI

Leseni ziko za namna nyingi, lakini mbili ndizo zinazokutwa zaidi. Ya kwanza ni ya mtu kwa jina lake. Hiyo ni mfano wa buti: kila askari ana jozi yake, na mwenzake haivai hata kama mwenyewe yuko likizo. Ya pili ni ya kupokezana. Hiyo ni mfano wa darubini za kikosi: aliye zamu huichukua, akimaliza huirudisha, na mwingine huipokea. Mama nyumbani naye azijua namna hizi mbili. Mswaki ni wa mtu mmoja, lakini kinu huzunguka kwa majirani.

Kwa leseni za jina, kazi ni nyepesi. Yatosha kuangalia ni nani aliyekaa miezi mingi bila kuifungua programu, na ni nani aliyehamishwa huku leseni yake ikiendelea kulipiwa. Ugumu uko katika leseni za kupokezana. Je, darubini ngapi zakitosha kikosi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi ya mishahara ina makarani 40 wanaotumia programu moja kwa kupokezana. Mkubwa mmoja asema, "Makarani ni 40, basi tununue leseni 40." Huyo ampa darubini kila askari, hata mpishi aliye jikoni. Mkubwa mwingine apiga hesabu ya mwezi mzima, aona kwamba kwa wastani leseni 4 tu ndizo zinazotumika kwa wakati mmoja, naye aagiza 5, akajisifu kwa kubana matumizi. Mwisho wa mwezi wafika. Makarani waingia kazini kwa wingi ili kukamilisha orodha ya mishahara. Wa sita afungua programu, nayo yamkatalia. Wa saba naye hivyo hivyo. Orodha yachelewa siku mbili, na huko kambini mke wa askari aliyemwahidi mwenye duka kwamba atalipa deni tarehe fulani apita njia ya nyuma ili wasionane.

Kosa la wa kwanza lilikuwa kuhesabu vichwa. Kosa la wa pili lilikuwa kuzichanganya siku za kazi nyepesi na siku za kazi nzito, kisha kuuamini wastani wake. Hakuna kati yao aliyelifungua daftari akalisoma sawasawa.

DAFTARI LINALOJIANDIKA

Leseni za kupokezana kwa kawaida husimamiwa na kompyuta moja iliyo kama mtunza ghala. Mtumiaji akifungua programu, ombi lake hufika kwanza huko. Ikiwa leseni imo, hupewa. Ikiwa zimekwisha, hukataliwa. Mfumo mmojawapo uliojulikana sana kwa kazi hii ni FLEXlm, ulioanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfumo huo huandika katika kumbukumbu zake mambo matatu: leseni iliyotoka, leseni iliyorudi, na ombi lililokataliwa. Kila moja huandikwa pamoja na saa yake, jina la mtumiaji na jina la kompyuta aliyoitumia. Kwa hiyo ofisi yaweza kuwa na daftari kamili pasipo kujua, kama mtu aliyekalia chungu cha akiba akidhani ni kigoda.

Jambo la kwanza, basi, ni kuzihifadhi kumbukumbu hizo zisifutwe, angalau kwa miezi 12. Mwezi mmoja hautoshi, kwa kuwa kazi ina majira yake kama shamba: kuna mwisho wa mwezi, kuna kufunga hesabu za mwaka, kuna msimu wa kutayarisha makisio.

Jambo la pili ni kuzitafuta saa za kazi nzito na kupima matumizi ya saa hizo peke yake. Hesabu yake haina fumbo. Ikiwa katika siku moja ya mwisho wa mwezi, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, makarani wote kwa jumla walizitumia leseni kwa saa 20, gawanya 20 kwa saa 2 zilizopita. Jibu ni 10. Maana yake, kwa wastani leseni 10 zilikuwa nje kwa wakati mmoja.

Je, tununue 10? Hapa ndipo wengi hujikwaa.

BWANA WA SIMU WA DENMARK

Swali hili si geni, bali lilijibiwa kabla kompyuta hazijazaliwa. Mwaka 1908 Agner Krarup Erlang, mwanahesabu wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1878, alianza kazi katika Kampuni ya Simu ya Copenhagen. Kampuni ilitaka kujua nyaya ngapi zahitajika ili wateja wasikwame, bila ya kutandaza nyaya zisizo na kazi. Mwaka 1909 Erlang alitoa andiko lililoonyesha jinsi simu zinazopigwa ovyo, kila mtu kwa wakati wake, zinavyoweza kupimwa kwa hesabu za bahati na nasibu. Mwaka 1917 alitoa kanuni inayoonyesha ni wateja wangapi watakaokuta nyaya zote zina watu. Alifariki mwaka 1929, na mwaka 1946 mafundi wa simu wa mataifa walikubaliana kulitumia jina lake kuwa kipimo cha msongamano wa simu.

Leseni ya kupokezana ni sawa na waya wa simu: mmoja akiushika, mwingine hana budi kungoja au kwenda zake. Basi tuitumie kanuni ya Erlang kwa ofisi yetu, yenye haja ya wastani wa leseni 10 katika saa nzito.

Zikinunuliwa leseni 10, katika kila maombi 100 yapata 21 yatakataliwa. Zikinunuliwa 15, yatakataliwa karibu 4. Zikinunuliwa 18, halitafika hata moja. Kumbe anayenunua sawasawa na wastani amwonea karani mmoja katika kila watano. Naye anayenunua 40 atupa fedha za leseni zaidi ya 20. Ofisi yenyewe ndiyo itakayoamua iwapo kukataliwa mara 4 katika 100 kwavumilika. Kwa kazi ya michoro isiyo na haraka, huenda kwavumilika. Kwa mishahara, la.

CHUNGU KIMOJA

Kanuni hiyo hiyo yafundisha jambo la pili, ambalo kila familia iliyowahi kula pamoja yalifahamu. Tuseme kazi ile imegawanywa kwa ofisi mbili, ya mishahara na ya pensheni, kila moja ikiwa na haja ya wastani wa leseni 5. Kila moja ikinunua zake na kuzifungia, ili wanaokataliwa wasifike mmoja katika 100, kila ofisi yahitaji leseni 11, na jumla ni 22. Zikizitia katika fungu moja, zatosha 18. Leseni 4 zimeokolewa kwa kula katika chungu kimoja, kwa sababu ni nadra ofisi zote mbili kuzidiwa kwa dakika ile ile. Lakini mkataba usomwe kwanza, kwa maana iko mikataba inayokataza leseni ya kituo kimoja kutumiwa katika kingine.

TAHADHARI ZA MSOMAJI WA DAFTARI

Kanuni ya Erlang yachukulia kwamba kila mtu huja kwa wakati wake. Makarani 30 wakitoka katika mkutano mmoja wakaketi wote pamoja kufungua programu, kanuni itawapunja. Kwa sababu hiyo yafaa pia kukitazama kilele chenyewe, yaani idadi kubwa kabisa iliyopata kuwa nje kwa mara moja, na kuuliza kilitokana na nini. Pengine dawa yake ni kuzipanga zamu upya, wala si kununua.

Kukataliwa nako kusomwe kwa makini. Karani aliyekataliwa hujaribu tena na tena, na mtu mmoja mwenye papara aweza kuandikwa mara 6 katika dakika 5. Huyo ni ombi moja.

Vile vile kuna leseni zinazolala. Mtu afungua programu asubuhi, aenda kunywa chai, aitwa kwingine, na leseni yabaki kwake hadi jioni. Daftari litasema inatumika, kumbe imekaliwa. Mifumo mingi yaweza kuamriwa kuinyang'anya leseni iliyokaa bila kazi kwa muda fulani. Lakini makarani waambiwe mapema, ili asiwepo atakayepoteza kazi ambayo hakuihifadhi.

Kubwa kuliko yote ni kimya. Penye leseni 10, daftari haliwezi kamwe kuonyesha 11 zikitumika, hata kama watu 20 wazihitaji. Na mtu aliyekataliwa siku nyingi huchoka kuomba; hurudi kwenye karatasi na kalamu, au humsihi mwenzake amfanyie. Hapo waliokataliwa hupungua katika daftari, na mkubwa hudhani shida imekwisha. Mtoto aliyeacha kulia si lazima awe ameshiba. Kwa hiyo msomaji wa daftari hana budi kuinuka kitini, azunguke mezani kwa watu na kuwauliza.

DAFTARI SI RUNGU

Kumbukumbu hizi zina majina ya watu na saa zao za kazi, na mkubwa asiye na busara aweza kuzigeuza rungu la kuwapigia wafanyakazi. Akifanya hivyo, ataliharibu daftari lenyewe. Karani akijua kwamba anapimwa uvivu kwa saa alizoifungua programu, ataifungua alfajiri na kuiacha wazi mchana kutwa. Haja itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na ofisi italipa. Yafaa hesabu za mipango zionyeshe idadi pasipo majina, na majina yasomwe tu pale penye sababu iliyo wazi.

Ratiba nayo ni muhimu. Yafaa hesabu ianze miezi mitatu kabla mkataba haujaisha, ili ofisi iwe na nafasi ya kupatana bei. Iulizwe pia mwaka ujao utaleta nini: makarani wapya wangapi, ofisi gani itafungwa, kazi gani itahamishiwa katika kompyuta. Daftari laeleza ya jana. Ya kesho yaulizwe kwa wenye kazi.

Mwisho wa mwezi utarudi tena, kama urudivyo siku zote. Katika ofisi iliyolisoma daftari lake, karani wa sita atafungua programu na kuendelea na kazi, na wa saba hivyo hivyo. Hatasifiwa mtu kwa hilo, wala hapatakuwa na sherehe. Ila kule kambini mama mmoja atapita mbele ya duka mchana kweupe, alipe deni lake, na kuhesabu chenji.