Sheria ya wanyamapori hutungwa wapi?

Mkulima wa kando ya Ziwa Viktoria wilayani Muleba, ambaye kiboko ametoka majini usiku na kumaliza robo ekari ya mahindi yake, husikia ushauri uleule kutoka kwa karibu kila mtu: sheria ni mbaya, wabunge waibadilishe. Mfugaji aliyekamatiwa ng'ombe karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato huambiwa hivyohivyo. Ushauri huo huenda ukawa sahihi, na huenda ukampeleka mtu kwenye mlango usio wake. Inategemea kile kinachomuumiza kiliandikwa na nani, na katika hatua ipi. Kwa hiyo tufuate muswada wa sheria ya wanyamapori tangu unapoanza kuwazwa hadi unapofika shambani.

Muswada ni pendekezo lililoandikwa kwa umbo la sheria lakini ambalo bado halina nguvu ya sheria. Maneno yake hupangwa katika ibara. Muswada ukishakuwa sheria, ibara hizo huitwa vifungu. Mwishoni huweza kuwapo majedwali, yaani orodha zinazotajwa na vifungu, kwa mfano orodha ya wanyama wanaohesabiwa kuwa hatari. Majedwali hayo wengi huyaruka wanaposoma, na ni kosa, kwa sababu mara nyingi haki ya mtu huamuliwa na kuwamo au kutokuwamo kwa jina moja katika orodha.

Kabla ya muswada mara nyingi huwapo sera. Sera ni tamko la Serikali kuhusu inakotaka kwenda. Haimpeleki mtu jela wala haimpi mtu haki ya kudai mahakamani. Sera ya Wanyamapori ya Tanzania ilitolewa mwaka 1998 na kufanyiwa mapitio mwaka 2007. Miaka miwili baadaye ikapatikana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ikachukua nafasi ya Sheria Na. 12 ya mwaka 1974. Wanyamapori si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria hii ni ya Tanzania Bara.

Wizara ya Maliasili na Utalii, ikitaka sheria mpya, huandaa waraka kwa ajili ya Baraza la Mawaziri. Baraza likiridhia, waandishi wa sheria wa Serikali huyageuza makubaliano hayo kuwa ibara. Haya yote hufanyika ofisini, na mwananchi wa Kibeta au Kamachumu hawezi kuyaona isipokuwa wizara iamue kuwaita wadau mapema. Mbunge naye anaweza kuleta muswada binafsi, lakini Ibara ya 99 ya Katiba inaweka uzio: Bunge haliwezi kushughulikia muswada wa kutoza kodi au wa kuongeza matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina bila pendekezo la Rais lililowasilishwa na Waziri. Uzio huu tutaurudia, maana mkulima wetu atakutana nao.

Muswada ukiwa tayari huchapishwa katika Gazeti la Serikali, pamoja na maelezo ya madhumuni na sababu zake. Kanuni za Kudumu za Bunge zinataka zipite siku zisizopungua 21 kabla haujasomwa kwa mara ya kwanza. Lengo ni watu wausome. Hata hivyo kuna njia ya mkato: Rais akitia saini hati ya dharura, muda huo haungojwi. Hati hiyo ni halali, na zipo dharura za kweli, lakini kila inapotumika, wa mbali ndiye anayekosa nafasi kwanza. Basi la kutoka Bukoba kwenda Dodoma linakula siku nzima barabarani, na anayekwenda kutoa maoni hahitaji nauli tu. Anahitaji pia muda wa kukaa na wenzake na kukubaliana watakachosema.

Kusomwa kwa mara ya kwanza ni jambo la dakika moja. Katibu husoma jina la muswada, hakuna mjadala, na Spika huupeleka kwenye Kamati ya Kudumu ya Bunge inayoshughulikia maliasili.

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu Kamati ndiyo chumba pekee katika safari yote ambamo mtu asiye mbunge anaweza kuzungumza na muswada ukiwa bado unabadilika. Kamati hualika wadau na kupokea maoni yao kwa mdomo au kwa maandishi. Anayefika na malalamiko ya jumla husikilizwa kwa heshima, kisha maneno yake hupotea. Anayefika na ibara mkononi, akaonyesha neno linaloleta tatizo na neno analopendekeza liwekwe mahali pake, huipa Kamati kitu cha kufanyia kazi. Chukua mfano wa pori tengefu. Chini ya sheria ya 1974, watu waliishi na kuchunga mifugo katika mapori tengefu. Kilichodhibitiwa hasa ni uwindaji. Sheria ya 2009 ikapiga marufuku kulima humo, na kuchunga mifugo pia, isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Mabadiliko hayo yalitoshea katika mistari michache. Lakini kwa mwenye ng'ombe, mistari hiyo iligeuza malisho ya babu yake kuwa mahali pa kosa la jinai, na Loliondo, wilayani Ngorongoro, ndiko mgogoro wake uliposikika zaidi nchini.

Kusomwa kwa mara ya pili ndiko wananchi wengi hukuona kwenye televisheni. Waziri hutoa hoja, Kamati husoma maoni yake, na wabunge huchangia. Muswada wa sheria ya 2009 uliletwa wakati Shamsa Mwangunga akiwa Waziri wa Maliasili na Utalii na Samuel Sitta akiwa Spika. Hotuba za hatua hii ni nzuri kusikiliza na huingia katika kumbukumbu rasmi, ila mchango wa mbunge, hata uwe mkali namna gani, haubadilishi nukta moja ya muswada. Ili neno libadilike, mbunge au Waziri lazima awasilishe jedwali la marekebisho, yaani karatasi inayosema: katika ibara fulani, futa maneno haya, weka haya.

Majedwali hayo huamuliwa katika Kamati ya Bunge Zima. Ni wabunge walewale, katika ukumbi uleule, lakini Spika sasa anakuwa Mwenyekiti na utaratibu unageuka: badala ya kuujadili muswada wote, wanapita ibara moja baada ya nyingine. Ukifungua kumbukumbu za Bunge utakuta kurasa ambamo ibara zimepangwa kwa namba na chini yake mstari mmoja ukieleza kuwa ibara hizo zimepitishwa bila mabadiliko. Kurasa hizo hazina mvuto wa hotuba, wala hazirushwi kwenye taarifa ya habari. Ningependa watu wa Muleba wazijue kuliko hotuba zote, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kama mbunge aliyelalamika asubuhi alileta pia karatasi ya marekebisho jioni.

Kusomwa kwa mara ya tatu hufunga kazi ya Bunge, kisha muswada hupelekwa kwa Rais. Ibara ya 62 ya Katiba inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge, na Ibara ya 97 inaeleza kwamba muswada hauwi sheria hadi upate kibali chake. Rais anaweza kukataa na kuurudisha bungeni pamoja na sababu. Hapo hauwezi kupelekwa tena kwake kabla ya miezi sita, isipokuwa uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote; ukipita kwa theluthi hizo, Rais anapaswa kutoa kibali ndani ya siku 21 au kulivunja Bunge. Kwa kawaida kibali hutolewa, sheria hupewa namba na kuchapishwa katika Gazeti. Jambo moja zaidi kuhusu lugha: sheria ya 2009 iliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ambapo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Kwa zaidi ya miaka kumi, mtu aliyeshitakiwa chini ya sheria hii alisomewa kosa lililoandikwa kwa lugha ambayo huenda hakuifahamu.

Wengi hudhani safari imeishia hapo, kumbe sehemu inayomfikia mkulima ndiyo kwanza inaanza.

Sheria nyingi humpa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni, yaani masharti ya utekelezaji ambayo yana nguvu ya kisheria lakini hayakupigiwa kura bungeni. Katiba yenyewe inaruhusu Bunge kukabidhi mamlaka hayo. Sheria ya 2009 ilikubali msingi kwamba mtu aliyepata madhara ya mnyama hatari anaweza kupewa kifuta jasho au kifuta machozi. Kiasi gani? Sheria haikusema, ilimwachia Waziri. Kanuni zikatoka mwaka 2011: shilingi milioni moja kwa kifo; kwa mazao, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kwa ekari zisizozidi tano. Shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka halikupata kitu.

Sasa mweke hapo mkulima wetu. Asubuhi anamwita mtendaji wa kijiji, afisa anakuja kupima, wanahesabu mashina yaliyolala, fomu inajazwa na kupanda hadi halmashauri na wizarani. Akiona kiwango ni kidogo, hana haja ya muswada wowote. Waziri anaweza kukipandisha kwa kubadilisha kanuni na kuzitangaza katika Gazeti. Lakini kama anachotaka ni fidia kamili, yaani kulipwa thamani yote ya alichopoteza kama haki ya kudai, hilo ni badiliko la msingi wa sheria. Linahitaji muswada, na kwa kuwa lingeongeza matumizi ya Serikali, uzio wa Ibara ya 99 unamsimamisha mbunge wake: lazima Serikali yenyewe ilete. Na kama aliyemharibia shamba ni mnyama asiyetajwa katika jedwali la wanyama hatari, dai lake halina pa kuanzia.

Mfugaji wa Burigi yuko mahali pengine kabisa. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambayo Rais John Magufuli aliizindua Julai mwaka huo. Mwaka uleule mkoani Kagera zikapatikana pia Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Hakukuwa na muswada. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inampa Rais uwezo wa kutangaza hifadhi kwa amri katika Gazeti baada ya Bunge kuridhia. Kuridhia huko hufanywa kwa azimio, yaani uamuzi wa Bunge usiopitia kusomwa mara tatu. Anayetaka mpaka usogezwe ili rweya ya kijiji, yaani uwanda wake wa nyasi za malisho, irudi kwa wanakijiji hana budi kuelekeza hoja yake kwenye amri na azimio. Akidai Sheria ya Wanyamapori ibadilishwe, anaweza kushinda hoja yote na mpaka ukabaki palepale.

Kuna njia nyingine inayostahili kuangaliwa kwa makini. Badiliko la sheria halilazimiki kuja kwa muswada wenye jina lake. Huweza kuwekwa katika Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambao hugusa sheria nyingi zisizohusiana kwa mkupuo mmoja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, pale jeshi la uhifadhi wa wanyamapori na misitu, ambalo watu hulijua kwa jina la Jeshi Usu, lilipopewa msingi wa kisheria. Anayesubiri kuona neno "wanyamapori" kwenye kichwa cha muswada anaweza kupitwa.

Msomaji aliyefika hapa ameona mahali uzito ulipo. Muswada una siku 21, una Kamati, una wadau na una karatasi za marekebisho. Kanuni, ambazo ndizo hupima kiboko kwa shilingi na shamba kwa mita, hufikishwa bungeni baada ya kuchapishwa. Kamati ya Sheria Ndogo inazichambua, na Bunge linaweza kuzitengua kwa azimio, lakini wakati huo zimekwisha kuanza kutumika. Kwa maoni yangu mpangilio huu umekaa kinyume. Kanuni zinazoweka viwango vya malipo na umbali zingepaswa kutangazwa zikiwa bado rasimu, kwa Kiswahili, kwenye mbao za matangazo za halmashauri za wilaya zinazopakana na hifadhi, kwa muda usiopungua ule wa muswada. Hilo halihitaji kubadili Katiba. Waziri anaweza kuanza kulifanya kwenye kanuni zijazo, na Bunge linaweza kulifanya sharti kwa kifungu kimoja katika sheria yenyewe. Wakati tukilisubiri, Baraza la Madiwani la Muleba linaweza kukusanya fomu za madai ya mazao zilizomo ofisini, kujumlisha ekari zilizoliwa na fedha zilizolipwa, na kumpelekea Waziri hesabu hiyo pamoja na kiwango linachopendekeza.