Lagos ya Ureno: Safari ya Peke Yako kwa Fedha za Kuhesabu

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Ureno, ndani ya jimbo la Algarve, upo mji wa pwani uitwao Lagos. Msomaji asiuchanganye na ule wa Nigeria, ingawa majina yote mawili ni ya Kireno. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba Lagos na vitongoji vyake vina wakazi wapatao 33,500, lakini ufikapo mwezi wa Agosti vichochoro vyake hufurika vijana kutoka kila upande wa Ulaya, Amerika na hata Australia, wakiwa na mikoba migongoni na ngozi zilizobabuka kwa jua. Ni mji wa furaha, na muziki wake haukomi mapema. Fauka ya hayo, ni mji ambamo mtu asiye na mali wala mwenzi wa safari anaweza kukaa siku tano au sita bila ya kufedheheka. Makala haya yamekusudiwa mtu wa namna hiyo, hasa mwanamke, ambaye jamaa zake hawatakosa kumwuliza, "Waenda na nani?"

Gharama ya kwanza huanza nyumbani. Raia wa nchi zetu nyingi huhitaji viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Fedha hizo hazirudishwi ombi likikataliwa. Kwa hiyo asiye na karatasi kamili asijaribu bahati. Atatakiwa kuonyesha mahali atakapolala, fedha za kujikimu, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Akishaipata, viza hiyo haiwezi kumruhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, muda ambao kwa mfuko mwembamba ni mwingi kupita kiasi. Achague Mei, Juni au mwisho wa Septemba. Agosti ni mwezi wa wenye nacho.

Kutoka Lisbon kuna mabasi ya moja kwa moja, na kuna garimoshi ambalo abiria hulibadilisha katika stesheni ya Tunes. Safari yoyote kati ya hizo huchukua takriban saa nne. Tikiti za garimoshi zikinunuliwa mapema huweza kuwa za bei nafuu. Njia ya reli inakomea Lagos penyewe, ng'ambo ya mto Bensafrim, na kutoka stesheni mtu huvuka daraja la miguu akaingia mjini pasipo kulipa teksi.

Mtu mmoja hotelini huadhibiwa kwa upweke wake, kwani chumba kina bei yake, awemo mmoja au wawili. Dawa yake ni hosteli, ambako mtu hulipia kitanda wala si chumba. Vyumba hivyo huwa na vitanda vya ghorofa, na nyingi ya hosteli huwa na chumba kimoja au viwili vya wanawake peke yao; aulize kabla ya kulipa. Achukue kufuli lake mwenyewe, kandambili za bafuni, na leso mbili. Leso ni taulo, ni shuka, ni pazia la kitanda cha chini, na ufukweni ni mkeka. Neno lenyewe, kwa hakika, limetoka kwa Wareno hao hao, kama zilivyotoka meza, bendera na mvinyo.

Penye jiko la hosteli ndipo fedha huokolewa. Soko la samaki liko kando ya barabara ya ufukweni, na asubuhi za Jumamosi wakulima huleta mboga, asali, tini zilizokaushwa na lozi karibu na kituo cha mabasi. Majira ya kiangazi samaki aina ya sadini huwa wengi na wanono, nao huchomwa kwa chumvi ya mawe tu. Maji ya bomba hunyweka, basi chupa za dukani si za lazima. Akipenda kula mkahawani, na aulize chakula cha siku wakati wa mchana. Ajihadhari na jambo moja: mara aketipo, mhudumu humwekea mkate, zeituni na siagi ambavyo hakuviagiza. Si takrima. Sheria ya Ureno hairuhusu kutozwa kwa kitu usichokiagiza nawe hukukigusa, lakini ukitia zeituni moja kinywani umekinunua. Aseme kwa adabu kwamba hahitaji, na mhudumu ataviondoa bila ya kinyongo.

Bahari ni bure, ila ni baridi. Hata katikati ya kiangazi maji hufika nyuzi 20 au 22 tu, na aliyelelewa na Bahari ya Hindi atapiga ukelele. Meia Praia ni ufuko mpana wa mchanga unaoendelea kilomita kadhaa mashariki mwa mji. Upande wa pili, kuelekea mnara wa taa wa Ponta da Piedade uliojengwa mwaka 1913, kuna vighuba vidogo chini ya magenge ya rangi ya dhahabu. Kufika Praia do Camilo mtu hushuka ngazi za mbao zipatazo 200. Hapo ndipo msafiri wa fedha kidogo huponzwa. Mwavuli hukodishwa kwa fedha, kivuli cha genge ni bure, na genge hilo ni mwamba laini unaomomonyoka. Agosti 2009, katika ufuko wa Maria Luísa karibu na Albufeira, genge liliporomoka na kuua watu watano. Afadhali jua. Atazame pia bendera: kijani ni ruhusa ya kuogelea, njano ni kuingia maji bila ya kuogelea, nyekundu ni kukaa nje kabisa. Tena aulize saa ya maji kujaa, maana baadhi ya vighuba hufungwa na bahari.

Usiku, umati wote huhamia katika mitaa ya mji mkongwe. Asiye na mwenzi anywe kutoka bilauri asiyoiacha mezani, arudi kwa njia yenye taa na watu, na afanye urafiki na wanawake wa chumba chake kabla ya jua kuchwa. Mmojawapo wa mitaa maarufu kwa hosteli na mabaa unaitwa Rua Lançarote de Freitas. Vijana wanaopita hapo wakiimba aghalabu hawaulizi Lançarote alikuwa nani. Alikuwa mtoza ushuru wa Lagos. Mwaka 1444 aliongoza merikebu sita hadi visiwa vya pwani ya nchi ambayo sasa ni Mauritania, akarejea na mateka 235. Tarehe 8 Agosti walishushwa hapo, wakapelekwa uwanjani nje ya mji, wakagawanywa mafungu matano, huku mwanamfalme Henrique akitazama akiwa juu ya farasi. Mwandishi wake, Gomes Eanes de Zurara, ambaye hakuipinga biashara hiyo, hata hivyo aliandika jinsi akina mama walivyoanguka chini wakiwakumbatia watoto wao ili wasitenganishwe. Safari zilizoanza kwa namna hiyo ndizo zilizomfikisha Vasco da Gama Malindi mwaka 1498.

Kiwanja cha katikati ya mji leo kina jina na sanamu ya mwanamfalme huyo. Kando yake kuna jengo liitwalo Soko la Watumwa, ambalo lilivyo sasa ni la karne ya 17, na tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho ya biashara hiyo. Kiingilio chake ni kidogo. Aendaye hapo ataelezwa juu ya ugunduzi wa mwaka 2009, pale wachimbaji wa maegesho ya magari nje ya kuta za kale walipokuta mifupa ya Waafrika 158, wanaume, wanawake na watoto, waliotupwa katika jalala la mji. Baadhi yao walionekana kuwa walifukiwa wakiwa wamefungwa. Maegesho yalijengwa, na juu yake pakawekwa bustani ya kuchezea gofu ndogo.

Kutoka makumbusho hadi bustani hiyo ni mwendo mfupi wa miguu, wala hapatozwi nauli. Aende asubuhi, kabla ya joto na kabla ya wachezaji kufika.